Milioni Moja na Moja Mlangoni pa Bibi Harusi

Mwenye kuwajibika kwa fedheha iliyonipata hapa Garissa ni shemeji yangu Bile, na nalitaja jina lake mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke akijua walau hilo.

Mpwa wangu alikuwa anaoa, na kwa kuwa mimi ni mjomba wake, abti kwa Kisomali, tena afisa mstaafu wa serikali, nilipewa kazi ya kusema mlangoni, pale ambapo wanawake wa upande wa bibi harusi hujifungia ndani na kututega kwa mafumbo. Nikaamua (uamuzi mdogo tu!) kwamba safari hii sisi ndio tutakaotega, kwa namba milioni moja na moja, ambayo niliamini haigawanyiki bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Asubuhi nilikaa kuithibitisha, nikaigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, nikapanda kwa utaratibu unaomstahili mtumishi wa umma, nayo ikagoma kila mara, na nilipomaliza mia moja (nilipaswa kufika karibu na elfu, nalijua hilo, msinikumbushe) Bile, ambaye kama wengi hapa mara nyingi hutamka b penye p, akachungulia kuniita kula anjera, chapati zetu laini: "Shemeji, anjera iko tayari, maini yanaboa. Hiyo namba itakimbia wapi?"

Nikaweka kalamu chini.

Mlangoni niliitangaza namba kwa sauti ya kikao na, vigelegele vikiwa vimenipanda kichwani, nikaongeza kwamba wakiigawa nitacheza dhaanto, ngoma yetu ya makofi na kuruka, ambayo sikuwa nimeicheza tangu niajiriwe. Wakajaribu tisa, wakajaribu kumi na tatu, nami natikisa kichwa kama hakimu, hadi Eeddo Halima, shangazi wa bibi harusi, akatoa kichwa dirishani na kulitazama gari tuliloletwa nalo.

"Mzee, gari yenu iko na namba mia na moja. Hiyo umejaribu?"

"Mama, hiyo ni namba ya gari tu."

Akabonyeza simu. "Elfu tisa, mia tisa na moja! Hakuna kitu imebaki! Wallahi, namba ya mzee imebasuka!"

"Naomba nafasi ya kuhakiki," nikasema.

"Hakiki ukicheza, Abti!" wakapiga kelele wasichana. "Bole bole!"

Mpwa wangu, aliyekuwa akiungua juani mbele ya mlango uliofungwa, akaninong'oneza, "Abti, nakuomba, ruka tu, nimwone mke wangu."

Nikaruka. Mruko wa tatu uling'oa vifungo viwili vya suti, wa nne ukairusha miwani yangu dirishani, Eeddo Halima akaidaka akaivaa, na mlango ukafunguka kwa vicheko. Kufikia laasiri video ilikuwa imefika Masalani, na kutoka Diff mwenzangu wa zamani kazini alinipigia akiuliza kama pensheni imeongezwa.

Nimeapa sitatangaza tena namba ambayo sijaifikisha mwisho. Kiapo hicho, hata hivyo, hakimwondolei Bile wajibu wake. Ninadai rasmi ajitokeze mbele ya familia zote mbili, akiri kwamba maini yake ndiyo yaliyonisimamisha hatua moja kabla ya mia na moja, kisha acheze sehemu yake: namba ile iligawanyika bila baki, na fedheha hii nayo igawanywe vivyo hivyo.