Kikohozi Nyuma ya Pazia

Baridi ikiingia hapa Doha, hita ikiwashwa mara ya kwanza hutoa harufu ya vumbi linaloungua. Usiogope, ni vumbi la kiangazi tu, huisha upesi. Mimi harufu hiyo hunirudisha kwenye chumba chetu cha mtaa wa Najma, wakati ule wa korona, tulipofungiwa ndani.

Mama alikuwa anakoroga uji wa wimbi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia lililogawa chumba, upande wa mjomba, kaka yake mama, tunakula njugu chini ya blanketi lake. Nikakohoa. Siku hizo mtu akikohoa, wenzake walimwona kama amebeba kifo.

“Nani huyo?” baba akauliza.

“Ni mimi, shemeji,” mjomba akajibu, akinibana mguu ninyamaze. “Ni njugu tu.”

“Njugu! Unatoka kulinda geti huko, unatuletea ugonjwa, halafu unaniambia njugu?”

Baba alirarua pazia, akamkaba mjomba shingo na kumburuta hadi mlangoni. Mjomba aling'ang'ania fremu. Baba akampiga ngumi za uso, moja baada ya nyingine, mpaka damu ikarukia ukutani.

“Muache! Utamuua kaka yangu!” mama akalia.

“Atoke! Akakohoe huko nje!”

“Baba,” nikasema, “ni mimi niliyekohoa.”

Ngumi ikabaki hewani. Baba akamwachia mjomba, akaja akapiga magoti mbele yangu, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kupima joto. Kiganja kilikuwa kimelowa damu.