Siku Bharpai Aliposomewa Kifo Chake

Bharpai alikuwa mwanamke wa mashamba ya miwa, upande wa Muzaffarnagar huko India, mwenye mabega mapana na sauti iliyosikika nyumba ya nne. Alizaliwa binti wa tano, na jina lake kwa lugha ya kwao ni kama kusema "tumetosheka". Wazazi wake walikuwa wakimwambia Mungu kwamba mabinti sasa basi. Mungu akawapa wa sita.

Aliolewa na Rishal, mpima miwa, mtu ambaye angeweza kukaa nawe tangu asubuhi hadi chakula cha mchana bila kusema lolote, wala usihisi amekununia. Waliishi pamoja miaka arobaini na moja. Walipata mabinti wawili, wote wakaolewa mbali. Baridi ilipokuwa inaisha, Rishal alianguka uani na ndoo ya maziwa mkononi, akakata roho kabla trekta la kumpeleka hospitali halijawashwa.

Kwa desturi yao, maiti huchomwa na majivu yake hupelekwa mto Ganga na mwanamume, na kwa kuwa Rishal hakuwa na mwana, kazi hiyo ilimwangukia Ilam, mdogo wake. Ilam alikubali, ila alitaka aende peke yake. Alishikilia hivyo siku mbili nzima. Mara magoti ya shemeji yake hayawezi ngazi, mara Haridwar, mji wa mtoni wanakokwenda, wakati huu imefurika watu, mara nani atawakamua nyati. Bharpai alimjibu kwamba magoti ni yake. Asubuhi ya safari Ilam alimkuta ameshakaa ndani ya basi, mfuko mwekundu wa majivu mapajani.

Walipofika walivuka daraja, maji ya kijani yakikimbia chini yao, na waogaji wameng'ang'ania minyororo wasichukuliwe. Kumpata panditi, kuhani anayetunza kumbukumbu za ukoo wao, hakukuwa kazi. Unataja kijiji na ukoo kwa mtu wa kwanza, naye anakuelekeza. Walimkuta Panditi Lokmani amekaa kwenye jukwaa la mbao chini ya mwavuli, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliwauliza maswali mawili matatu, akaingia ndani, akarudi na kitabu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa chekundu, ambamo kila mtu wa ukoo ule aliyewahi kuja mtoni aliandikwa.

Akaanza kuwasomea. Alisoma habari za Mangat, aliyekuja na gari la ng'ombe, kisha za Harphul mwanawe, aliyeleta mifupa ya mama yake mwaka wa ukame. Bharpai alisikiliza kwa raha. Wakwe aliowajua kwenye picha tu walikuwa wanapita mbele yake mmoja mmoja. Ilam akasema yatosha, jua linapanda, waandike wakamwage majivu. Panditi akamwambia lazima afike mstari wa mwisho ndipo ajue pa kuandikia. Akalamba kidole, akafunua.

"Rishal, mwana wa Harphul, mjukuu wa Mangat," alisoma, "amekuja na ndugu yake Ilam, kuleta majivu ya mkewe, Bharpai." Akataja na mwaka. Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa.

Bharpai alidhani hakusikia vizuri. Akamwomba arudie, naye akarudia polepole, kidole kikifuata mstari.

"Bharpai ni mimi," akasema.

Panditi alimtazama, akatazama kitabu. Akasema labda marehemu alikuwa na mke wa kwanza mwenye jina hilo hilo, mambo hayo hutokea. Bharpai akasema yeye ndiye wa kwanza na wa mwisho, tangu akiwa na miaka ishirini. Hata hivyo, maneno yalipokuwa yanamtoka mdomoni, aliona hana tena uhakika nayo. Alijaribu kumfikiria huyo Bharpai mwingine, alikaa wapi, alipika nini, na akaanza kumwonea wivu. Hakujua kusoma, lakini sahihi ya Rishal aliijua, ile yenye mkia unaorudi nyuma. Aliiona pale. Na chini yake palikuwa na alama ya dole gumba.

"Ilam, dole hili la nani?"

Ilam alikuwa anaangalia mto.

"Shemeji, nilikwambia usije," akasema.

Akaeleza, na alieleza vibaya, akirudi nyuma kila mara. Ulikuwa mwaka ule Bharpai alipolazwa hospitali mjini Meerut, homa imempanda kichwani. Madaktari walisema ndugu waitwe. Usiku kucha Rishal alikaa kwenye benchi la hospitali, na kulipokucha alimshika Ilam mkono wakapanda basi la Haridwar. Hakusema wanaenda kufanya nini hadi walipofika darajani. Ndani ya kitambaa alikuwa na nywele za mkewe, zile zilizonyolewa hospitalini, na bangili zake za kioo alizozivunja mwenyewe na kuzichoma. Alimwambia Ilam kwamba kifo kikija kumchukua mkewe, kitakuta jambo limeshafanyika, limeshaandikwa, kitarudi zake.

"Nilimwambia ana wazimu," Ilam akasema. "Akaniambia niweke dole."

Siku ya tatu baada ya safari ile Bharpai alifumbua macho akaomba maziwa ya mgando.

Sasa alikumbuka kwamba Rishal alisimama kando ya kitanda na kipara. Alimwuliza kulikoni, naye akajibu ni joto, na yeye akacheka kwa kuwa wote wawili walikuwa vipara. Kumbe alinyolewa msiba, kama wafiwa wa kwao. Halafu akakumbuka jingine. Kila mwaka, katika siku za kuwalisha waliokufa, Rishal alimwomba siku moja ya ziada apike wali wa maziwa, akautoa uani akawapa kunguru. Alipomwuliza ni wa nani, alisema ni wa mmoja wetu. Bharpai alipika wali ule miaka kumi na minane. Mara nyingine aliulalamikia, kwamba huyo mmoja wetu anapenda sukari sana.

Alitaka kukasirika, hasira ikawa haina pa kushika. Mtu alimlilia akiwa hai, kisha akarudi nyumbani akala chapati zake miaka yote hiyo, kimya. Alimwokoa, au alikuwa ameshamkatia tamaa? Alimwuliza panditi. Panditi akasema aliyeandika ukurasa ule ni baba yake, na baba yake hayupo. Bharpai akamtaka aufute mstari. Akajibu kwamba kitabu kile hakifutwi, hata kwa kosa, lakini anaweza kuandika chini yake lolote la kweli.

"Basi andika nimemleta mimi mwenyewe," Bharpai akasema. "Kwa miguu yangu."

Panditi akaandika. Bharpai akaweka dole lake.

Walishuka ngazi. Ilam akatamka maombi yaliyotakiwa, na Bharpai akaufungua mfuko juu ya maji. Alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia mumewe, ila yalikuwa ya jana, kabla ya kitabu. Majivu yalikwenda haraka kuliko alivyotarajia. Alichovya maji akajimwagia kichwani, bila kujua anaoga kama mjane au kama nani.

Kabla ya basi walikaa kula puri, vile vimkate vya kukaanga, na viazi. Bharpai alikuwa na njaa kupita kiasi, akala sita. Alipofika ya saba akaacha.

"Siku ile alilia?"

Ilam alifikiri. Akasema hapana, hakulia. Tena hakutaka hata kukaa wale, alikuwa akiuliza kila mtu basi la Meerut linaondoka saa ngapi, kwa sababu manesi walisema ni zamu yake kumlisha mkewe uji saa kumi.

"Nililishwa?"

"Tulichelewa. Akakulisha saa kumi na mbili."

Bharpai akamwambia ayaseme tena yote, kuanzia kwenye basi.