Magaga ya Gari la Kitanda

Habari ya kifo chake niliipata Darajani nikichagua muhogo. Aliyeileta hakujua kwamba mimi na marehemu tunajuana, alikuwa akimsimulia mwenzake nyuma yangu: "Yule dereva wa gari la kitanda kafa jana, njia ya Fumba. Na gari lenyewe ndilo lililomuua." Mwenzake hakuuliza kafaje wala kaacha nani. Aliuliza, "Kwani lilikuwa linakwenda?" Nilirudisha muhogo kwenye fungu nikaondoka bila ya kuaga. Siku ile nzima, kila niliyemwambia msiba huu aliniuliza swali lile lile. Mji mzima ulikuwa umelizoea gari lile limesimama, hata tukasahau kwamba ni gari.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mtaniwia radhi, maana wageni wa safu hii hawalijui gari hilo na sharti niwaeleze. Marehemu alikuwa dereva katika afisi niliyofanyia kazi ya ukarani kabla sijaanza kuwachosha nyinyi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ya viua iliyofuliwa mpaka ikawa na rangi ya maziwa. Miezi michache kabla ya Januari ya mwaka 1964, alishuka bandarini Mzungu mmoja na mkewe, nao wakashusha gari ambalo kisiwa hiki kilikuwa hakijaona mfano wake. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko, kabati la vikombe na mapazia ya maua. Wakilala humo humo, wakipika humo humo. Marehemu ndiye aliyewazungusha siku zake za mapumziko, leo Mangapwani, kesho Makunduchi, na watoto wa shamba wakilikimbilia nyuma wakipiga kelele, "Gari la kitanda." Zilipokuja siku zile za Januari, Mzungu na mkewe waliondoka na vile vilivyoweza kushikwa mkononi tu. Ufunguo walimwachia dereva wao, pale pale gatini. "Niangalizie mpaka nirudi," Mzungu akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Marehemu alinisimulia habari hii mara nyingi, na kila mara aliishia pahala pamoja. "Nikamjibu naam," akisema. "Basi. Hiyo naam ndiyo iliyonifunga."

Akalileta gari nyumbani kwake Ng'ambo, akalisimamisha uani pembeni mwa ukuta, na hapo likakaa miaka. Amana kwetu si jambo la mchezo, nanyi mnalijua hilo. Lakini sijapata kumwona mtu aliyeishika amana kama yule. Kila Ijumaa baada ya sala aliliosha, akaitia mipira upepo kwa pampu ya mkono, akaiwasha injini ikanguruma kidogo, akaizima. Kulitoa uani, hata hatua moja, hakutaka. Ndugu zake walikuja kuliomba la harusi, wakaondoka wamenuna. Mwaka mmoja mkewe alishikwa na homa mpaka akawa hajui aliko. Jirani mmoja akamwambia, "Bwana, si unalo gari hapo, mtie mkeo kitandani umpeleke hospitali." Marehemu akamtazama mtu yule kama aliyeambiwa akaibe. Akatoka mbio, akaazima rikwama ya mahamali wa sokoni, akatandika godoro, akamlaza mkewe na kuisukuma mwenyewe mpaka hospitali, kwenye jua, kofia yake imelowa. Ilipotoka uani rikwama ilipita ubavuni mwa gari la kitanda, karibu kabisa, na mapazia yake ya maua yakawa yanamtazama mgonjwa. Mkewe alipopona alikuwa akitucheka sote kwa kisa hicho. "Mimi mume wangu kanipeleka hospitali kama gunia la viazi," akisema, "na gari lipo." Alisema kwa mzaha, lakini mumewe hakuwa akicheka, na mimi nilikuwa sijui nimcheke au nimheshimu.

Huyo huyo bibi ndiye aliyeiona ile kasoro kwanza. Nilikuwapo. Tulikuwa tunakunywa chai uani, yeye ameketi kwenye kibao akikuna nazi na kuikamua, na gari mbele yake. Akainama. "Hebu njoo uone," akamwita mumewe. "Mipira yako ina magaga." Tulisogea. Mipira yenyewe ilikuwa na meno yake yote, kama iliyotoka dukani jana. Lakini mbavuni, upande unaopigwa na jua la mchana, ngozi yake ilikuwa imechanikachanika mistari myembamba, mingine mirefu kama kidole. Kila mtu ameyaona magaga ya visigino, naye bibi yule alikuwa nayo. Akatia kidole kwenye chicha, akachovya tui zito, akapaka mstari mmoja. Mstari ukapotea. "Mimi yangu nayatia mafuta ya nazi," akasema. "Na hii nayo ni ngozi tu." Marehemu alifurahi, na sikulaumu furaha yake, alikuwa amepata njia nyingine ya kuitumikia amana. Tangu Ijumaa ile, baada ya pampu, yalifuata mafuta ya nazi kwa kitambaa, mpira mmoja baada ya mmoja, mpaka uani kote kukanukia kama chumba cha biharusi. Mipira iling'aa. Ukiitazama unajiona.

Mnajua hali ilivyokuwa miaka ile, na ilivyo sasa. Mpira mpya wa gari ulikuwa ukisikika tu kwamba umo melini, meli haifiki. Au ukifika, umeshafika kwa mwingine. Madereva wa gari za shamba wakawa wanapita uani kwa marehemu kuangalia mipira ya gari la kitanda kama watu wanaozuru, nao wakaondoka na dawa. Haukupita muda ukaanza kuona mabasi ya Mkokotoni na ya Fumba yamesimama kituoni, bodi imeoza, mipira inameta. Hata fundi wangu wa mipira pale Mwembeladu alikuwa na kopo lake la mafuta ya nazi, na akiwapakia watu bila ya kuombwa. Nami naona hatukuishia kwenye mipira. Tembea Mji Mkongwe leo, uchochoro wowote upendao. Nyumba ngapi zimefungwa, ufunguo uko kwa jirani, mwenyewe yuko ng'ambo ya bahari na kasema atarudi? Jirani ni mwaminifu. Hagusi kitu. Mvua inaingia kwenye boriti, boriti inalika taratibu, na inapokaribia sikukuu ukuta wa upande wa barabarani unapigwa chokaa, mweupe pe. Wiki hii nimepita chini ya ukuta mmoja wa namna hiyo, nikasikia mchanga unamiminika ndani yake. Niliongeza mwendo.

Mwaka huu ikaja zamu ya mtaa wa marehemu kuvunjwa, zijengwe nyumba mpya za ghorofa. Nyumba zikatiwa alama ya rangi ukutani na watu wakaambiwa wahame kabla tingatinga halijafika. Mkewe ana kwao Fumba. Huko ndiko walikokubaliana kwenda. Vyombo vilipakiwa kwenye lori la jamaa. Likabaki gari la kitanda. Nilikwenda kuwaaga siku moja kabla ya safari, nikamkuta marehemu amepiga magoti, kitambaa mkononi, anamalizia mpira wa mbele, na mkewe amesimama nyuma yake, ameshika kiuno.

"Shemegi, mwambie mwenzio," bibi akanambia. "Mimi nshamwambia nshachoka. Atafute lori lilivute hilo gari, asilipande."

"Likivutwa litaharibika," marehemu akajibu bila ya kugeuka.

"Na wewe ukiharibika?"

"Mipira ina meno yote. Haijaenda popote hii. Lori la jamaa ndilo lenye vipara, na unalipanda."

"Siipendi tu," bibi akasema. "Sijui kwa nini. Ilivyosimama siipendi."

Nami nilimwambia, afadhali lori. Akasimama, akajifuta mikono, akanitazama kwa upole. "Lori halikupatikana, na tingatinga haliniulizi kama nimepata," akasema. "Mtu kaniachia gari, aje alikute limepondwa kama kopo? Lisilobudi hutendwa." Jua la alasiri lilikuwa limeipiga mipira minne ile, nayo inameta, na harufu ya nazi imetanda uani ambako nyumba za jirani zilikwisha lala chini. Nilitafuta hitilafu kwa macho, sikuiona. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuonesha.

Aliondoka kesho yake, mchana, jua la utosi, peke yake. Mkewe alikwisha tangulia na vyombo. Walioliona likipita Kisauni wanasema lilikwenda vizuri, mapazia yanapepea, na dereva amevaa kanzu kama anayekwenda kuoa. Kwa mara ya kwanza tangu alisimamishe uani alikuwa analiendesha, na mimi nataka kuamini kwamba alifurahi. Barabara ikapata moto, mipira ikapata moto. Baada ya Kombeni, penye mteremko, mpira wa mbele ulipasuka ubavu mzima, si kwenye meno, ubavuni, pale penye magaga. Gari likamvuta upande likaenda kukumbatia mnazi. Waliofika mwanzo walimkuta bado anapumua, na jambo alilowauliza ni kama gari limeumia sana. Hakufika hospitali.

Baada ya hitima nilikwenda Fumba. Kwa kuwa mjane yumo edani, niliketi barazani na kaka yake, naye bibi akazungumza nami kutoka nyuma ya ua wa makuti. Gari lilikwisha kuvutwa na kuwekwa huko uani, limekaa upande. Tulipomaliza pole na dua nikasikia maji yanamwagwa na kitu kinasuguliwa kwa nguvu, kwa kumbi la nazi.

"Unafua, Bi?" nikauliza.

"Sifui. Naosha mipira. Hii mitatu iliyobaki." Kumbi likaendelea. "Fundi alikuja kuutoa ule uliopasuka. Akaipangusa na hii, akainamia mbavu. Kaka akamuuliza, akasema imepasuka yote, mbavu zote, muda mrefu. Ila mafuta yalikuwa yakiziba macho. Kasema hata yeye kawapakia watu."

"Ajali ni kudra ya Mungu, Bi," nikamwambia.

"Kudra najua. Lakini mafuta mimi ndo nlomwonesha, na tui langu." Maji yakamwagwa tena. "Kwa hiyo nayatoa. Nshasugua kwa majivu, nshasugua kwa sabuni, sasa magaga yanaonekana vizuri. Marehemu akitaka mwenyewe alikute gari kama alivyoliacha. Alivyoliacha haipo tena, shemegi. Basi akija alione lilivyo."

Nililia pale barazani, mbele ya kaka yake, na sioni haya kuwaandikia. Nilimlilia rafiki, na nilimlilia mwanamke aliyeona kwanza kuliko sote, akatibu kama alivyofundishwa kutibu, na dawa yake ikamzuia kuona mara ya pili.

Nilipofika kituoni kurudi mjini, basi lilikuwa linapakia. Juu ya paa mizigo ya nazi na madema ya samaki, ndani akina mama wamekwisha keti. Mipira inameta. Nikanusa, ni nazi. Nikatoa leso yangu ya mfukoni, nikainama, nikaufuta ubavu wa mpira wa mbele.

"Mzee, umeangusha kitu?" utingo akauliza.

"Natazama magaga."

Akacheka, kisha akaona nilichokuwa nikikiona, akaacha. Mstari mmoja uliweza kumeza ukucha. Akamwita dereva. Dereva alishuka, akachuchumaa, akaupitisha mkono mpirani, halafu akaniuliza, bila ya ubishi wala hasira, "Sasa nifanye nini, mzee? Ipo mingine?" Mingine haikuwapo, na sote wawili tulijua. Lakini mtu yule alipokwisha ona, hakuwa dereva yule yule. Aliteremsha mizigo yote ya paani akaiacha kituoni. Akawaambia abiria, "Anotaka kushuka ashuke, mpira mbovu huu." Walishuka wawili. Sisi wengine tulikwenda mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, dereva ameinamia usukani, na hakuna aliyemhimiza. Tulipopita ule mnazi wenye jeraha, abiria wote waligeuza shingo kuutazama.

Tulifika. Kesho sijui, basi ni lile lile na mipira ni ile ile. Sina uwezo wa kuwaleteeni mpira mpya, wala boriti, wala mwenye nyumba aliyesema atarudi. Rafiki yangu alikuwa mwaminifu kuliko watu wote niliowajua, na kwa uaminifu wake alimwekea mwenye gari kitu king'aacho badala ya kitu kizima, bila ya kujua. Lau angeiona mistari ile siku ya safari, angekwenda polepole, au asingekwenda. Leso yangu ina doa jeusi ambalo sabuni haijalitoa. Natembea nayo. Nawe msomaji, ukiona mpira unang'aa kupita umri wake, usiusifu. Inama, ufute kwanza.