Kigingi Kisicho na Kibuyu

Andika, Akinyi. Mimi ni Auma, binti wa Owino aliyezaliwa Muhuru Bay na Robi aliyezaliwa upande wa Isebania. Shule sikuingia hata siku moja. Ninayoyasema uyaandike kama nilivyoyasema, usiyapambe.

Jana ulinionyesha kazi yako. Umepewa jedwali la uzani wa watoto wa zahanati za Homa Bay na Migori. Kila mtoto ana mstari mmoja, na miezi imetandazwa kuelekea kulia hata mwisho wake hauonekani. Ukanieleza kwamba jedwali likiwa pana namna hiyo mashine haiwezi kulipigia hesabu unazozitaka. Ni lazima ulipange upya liwe refu, ili kila kipimo kipate mstari wake, na jina la mtoto na mwezi viandikwe kando yake. Ukaandika maneno machache, jedwali likageuka mbele ya macho yangu. Nilikusifu, na sifa hiyo sijaiondoa.

Kisha ukaniita Dani, yaani bibi, ukasema huku unacheka, "Mistari isiyo na kilo nimeitupa, Dani. Inajaza nafasi tu, mashine inachoka bure."

Ijumaa orodha ya miezi ya mwisho, inayotoka humo, inakwenda kwa wahudumu wanaowatembelea watoto nyumbani. Mtoto asiyekuwemo hatabishiwa hodi. Ndiyo sababu nimekuketisha hapa, wewe na wenzako wote mnaofanya kazi ya namna hii.

Sikiliza, mwanangu. Nilipoolewa huku Ndhiwa nilikuwa msichana mwenye mikono mepesi na kiburi kingi. Wake wa shemeji zangu waliniita Nyar Muhuru, yaani binti wa Muhuru, na hawakuniacha nipumue. Mkubwa wao alikuwa akisema mbele ya watu, "Huyu mpeni omena apande shambani, labda zitaota mikia." Wote wanacheka, maana omena ni dagaa wa kwetu ziwani. Nami nacheka, lakini moyoni naapa kwamba nitawaonyesha.

Mama mkwe wangu alitunza mbegu za boma zima jikoni mwake. Ukutani palikuwa na vigingi kumi na viwili, safu nne za vigingi vitatu vitatu. Kila safu ilikuwa ya nyumba moja kati ya nyumba za wanawe wanne. Kigingi cha kwanza kilibeba kibuyu cha mtama, cha pili maharagwe, cha tatu wimbi. Hakujua kusoma kama mimi nisivyojua, lakini alisimama mlangoni akatazama mara moja, akajua kila nyumba ina nini.

Mwaka huo alikwenda matanga kwa kaka yake, akaniachia jiko. Nikaona nafasi yangu imefika. Nilivishusha vibuyu vyote, nikafuta masizi, nikavipanga chini katika mstari mmoja mrefu: mtama wote, maharagwe yote, wimbi wote. Usidhani nilikuwa mjinga. Kila kibuyu nilikifunga kitambaa cha rangi ya nyumba yake, asije mtu akapewa cha mwenziwe. Vigingi nikaving'oa, nikaukandika ukuta ukawa laini.

Katika safu ya Anyango, mke wa mwana wa pili, kigingi cha wimbi hakikuwa na kitu. Nilikiona. Kwetu ziwani, ukianika omena na pakabaki pengo kwenye chandarua, hilo ni jua linalopotea, unasogeza, unaziba. Nami nikasogeza, nikaziba.

Mama mkwe alirudi jioni ya kuamkia kupanda. Alitazama mstari wangu, akapapasa vitambaa, akasema, "Nyar Muhuru, leo umefanya kazi." Kulipokucha alipanda yeye kwanza, kama desturi ya boma ilivyotaka, kisha akagawa. Kila mke alipokea vibuyu vyenye rangi yake. Hakuna aliyepewa cha mwingine. Anyango alipokea viwili, akainama, akaenda zake.

Wakati wa palizi mama mkwe alipita kwenye shamba la Anyango, nami nikiwa nyuma yake na jembe. Upande wa wimbi palikuwa na magugu matupu.

"Wimbi wako uko wapi?"

"Sikupewa, mama."

"Na kinywa chako kilikuwa wapi?"

Anyango alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na msimu uliopita aliugua tangu kujifungua, hakuvuna punje ya wimbi. Alijibu pole pole, "Mama, mimi sijawahi kuomba mbegu. Ukuta wako ndio huniombea."

Hapo nikaelewa nilichokifanya. Kila mwaka, kabla ya kugawa, mama mkwe alitafuta kigingi kitupu, akachota konzi kutoka kila nyumba akakijazia kibuyu, bila mwenye haja kufungua kinywa mbele ya wenziwe. Mimi nilikuwa nimeufuta ukuta uliokuwa ukisema kwa niaba yake. Na mvua ya kupandia ilikuwa imekwisha pita.

Mama mkwe hakunipigia kelele. Aliniambia, "Vibuyu kumi na kimoja hata mpita njia angevihesabu. Mimi nilikuwa natazama kile cha kumi na mbili." Kisha akaniamuru: wimbi wangu ukikomaa, nusu iende kwa Anyango kwa uji wa mtoto, nami niipeleke kwa kichwa changu mchana, watu wakiona. Niliipeleka. Yule aliyenicheka kwa omena alisimama njiani akanitazama, na safari hiyo hakucheka. Afadhali angecheka.

Sasa neno lenyewe. Kulipanga upya jedwali si kosa. Liwe pana au refu, kama kazi inavyotaka. Kubandika jina kwenye kila kipimo ni vizuri, nami nilibandika. Lakini mahali patupu pana habari yake. Mtoto wa Muhuru Bay aliyepimwa miezi miwili, kisha hakuonekana tena, huyo ndiye ambaye mama yake hana nguvu ya kufika zahanati, au hana wa kumwachia wengine. Ukimtupa kwa kuwa hana kilo, unawatuma wahudumu kwa wale wanaofika wenyewe.

Na usije ukaniletea ujanja wa kuandika sifuri. Mtoto ambaye hakupimwa si mtoto asiye na uzito. Wala usimwazime kilo za jirani ili mstari upendeze.

Haya uyatunze, mjukuu wangu. Tunza jedwali la kwanza kama ulivyolipokea, usiandike juu yake. Tunza jina pamoja na mwezi kwenye kila mstari. Hesabu mistari kabla ya kugeuza na baada ya kugeuza, na ukikuta imepungua usilale bila kujua ni nani aliyetoka. Mashine ikichoka, ipe kazi kidogo kidogo, wewe usichoke.

Mungu akubarikie macho yako, yamwone na asiyefika. Akupe mikono mepesi isiyo na kiburi kama yangu ya wakati ule. Sasa weka kalamu, ufungue hiyo mashine, uwarudishe wale watoto mmoja mmoja, na kilo zao uziache wazi.