Pesa za Watu Nyumbani kwa Luciana

Luciana alikuwa fundi cherehani pale Ikungi, nyumba ya pili ukitoka uwanja wa mnada, na wapo wanaomkumbuka mpaka leo kwa magauni ya kipaimara aliyowashonea. Lakini si cherehani kilichomfunga kibarazani kwake miaka yote ile. Kilichomfunga ni pesa za watu.

Ilianza serikali ilipofungua biashara ya mazao kwa watu binafsi. Zamani mkulima alipeleka alizeti yake ushirika, akapewa stakabadhi, akangoja. Pesa ilipofika, kama ilifika, ilikuta madeni yamekaa mlangoni. Halafu malori ya watu binafsi yakaanza kuingia mpaka mashambani. Wenye malori walinunua alizeti na vitunguu kwa pesa mkononi, na mtu aliyezoea kungoja mwaka mzima akajikuta amekalia bunda la noti kitandani hajui alipeleke wapi. Gari la benki lililokuwa likija siku za mnada lilikoma kuja miaka hiyohiyo. Kwenda mjini kuweka pesa ni nauli, ni foleni, ni siku nzima ya shamba imepotea.

Wa kwanza kumjia alikuwa mzee Mughwai.

"Shikamoo baba," Luciana alimwamkia, akainuka kwenye kiti.

"Marahaba, binti yangu. Niwekee hizi. Kwangu kuna vijana, nao wananusa pesa kama mbwa anavyonusa mfupa."

Luciana alikuwa mjane, na ndiye aliyekuwa mtunza hazina wa kigango. Mtoto wake wa pekee, Jenipher, alikuwa ameolewa na mfanyakazi wa reli kule Itigi. Nyumbani kwake hapakuwa na mwanamume wa kunywea pombe pesa ya mtu wala kijana wa kuipekua, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kutoka. Akapokea, kama mtu anavyokubali kumwangalizia jirani kuku wake akienda msibani.

Baada ya mavuno yale walikuja wengine, na baada ya mavuno mengine wakaja wengi. Hakuandika mahali popote. Kila mtu alimkatia kitambaa chake kutoka kwenye mabaki ya kushonea, mwenye pesa akafunga fundo kwa mkono wake, likaingia kwenye debe, na debe likafukiwa chini ya mtama chumba cha ndani. Hakutoza mtu hata senti. Aliona aibu kutoza.

Kidogokidogo akagundua kwamba amejifungia ndani yeye mwenyewe. Msiba wa mbali hakwenda. Misa ya asubuhi alisali nusu, nusu nyingine akili iko kwenye kufuli. Moyo ulimlipuka kila mbwa wa jirani alipobweka. Akinunua nyama siku isiyo ya sikukuu, anaona macho yanaifuata ile nyama mpaka jikoni. Alikuwa na pesa zake pia, za jasho la cherehani, alizokusanya ili aondoe paa la udongo la tembe yake aezeke bati. Lakini angeezekaje? Siku bati la kwanza lingepanda juu, watu wote wangejiuliza limetoka fundo la nani. Basi pesa zake zikakaa humohumo debeni pamoja na za wenzake, na mvua ikaendelea kumvujia.

Na mzee Mughwai, alipokuja kuzichukua zake baada ya miaka miwili ili anunue mtamba, alikuta fundo lake vilevile na noti zake zilezile. Ila mnadani bei zilikuwa zimepanda hazishikiki. Alirudi anakokota mbuzi. Alipita mbele ya kibaraza, akasimama.

"Nilikupa ng'ombe, binti yangu. Umenirudishia mbuzi."

"Baba, si fundo lako mwenyewe hilo?"

"Fundo langu, ndiyo," akasema mzee, akaenda zake. Lakini hakuwa amemaliza. Ilionekana hata kwa mgongo.

Jambo lililomkosesha Luciana raha kuliko yote ni kujua. Alijua nani anamficha nani. Jirani yake Paskali aliweka kwake pesa za alizeti, msimu baada ya msimu, akitaka kushirikiana na kaka yake kununua mashine ya kusaga. "Mke wangu asijue," alimwambia. "Akijua, kesho dada zake wako hapa na vikapu." Naye Anastazia, mke wa Paskali, alikuwa akiingia kwa mlango wa uani na pesa za mayai, za pombe, za vitunguu vya bustanini. Alikuwa anatafuta kiwanja kidogo Utemini, mjini, kwa jina lake.

"Baba alipofariki, mama alitolewa nje na baba zangu wadogo kabla hata arobaini haijafika," alimweleza Luciana. "Mimi sitatolewa. Paskali asijue kabisa."

Luciana akawaitikia wote wawili. Mafundo yao yakawa yanalala ubavu kwa ubavu katika debe moja, nao nyumbani kwao wanagombana juu ya pesa ya chumvi.

Mwaka huo binti yao Eliana akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Ni yeye tu na wavulana wawili katika shule nzima. Siku moja alikuja kibarazani, akaamkia kwa kupiga goti, akasimama wima na mikono ameinyoosha.

"Mama amesema unipime tu. Kitambaa kitakuja baadaye."

Luciana akampima mabega, kiuno, urefu wa sketi. Aliacha pindo kubwa kwa sababu mtoto alikuwa bado anarefuka. Kitambaa hakikuja. Sare, godoro, ndoo, ada ambayo sasa wazazi walitakiwa kuichangia, vyote vilikuwa vinamngoja mtu wa kuvilipa. Paskali alisema alizeti ya mwaka huo haikulipa. Anastazia alisema kusomesha ni kazi ya baba. Kila mmoja alimsubiri mwenzake afunguke.

Luciana alijaribu. Paskali alipokuja na nyongeza yake alimwambia, "Shemeji, huyu mtoto asiporipoti nafasi yake anapewa mwingine."

"Mama Jeni, wewe unanitunzia au unanipangia?"

Anastazia naye, Luciana alipomgusia, alimshika mikono yote miwili. "Nikizitoa, ataniuliza nimezipata wapi. Nitamjibu nini? Niambie wewe nimjibu nini."

Luciana angefungua mdomo kwa mmoja, angekuwa amemwuza mwingine, na kesho yake nani angemwamini? Alikaa na siri ile kama mtu aliyeweka kaa la moto mdomoni. Akishona mshono unapinda, anafumua, anashona tena.

Siku za kuripoti zilipokaribia kwisha, alichukua pesa zake mwenyewe, zile za bati. Alimfuata katekista, akamkabidhi, akamwambia, "Mlipie yule mtoto. Usinitaje." Kitambaa alinunua mwenyewe mnadani, sare akashona siku hiyohiyo. Eliana akaondoka na basi, godoro limefungwa juu ya keria. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Luciana alikula akashiba.

Katekista hakumtaja. Ila Jumapili, furaha ikamzidi, akasimama mbele ya waumini akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama mmoja wa hapahapa, mjane, aliyemlipia mtoto asiye wake. Wajane wa kigango kile walikuwa wanahesabika kwa vidole, na mwenye chochote alikuwa mmoja. Kabla ya jioni watu walikuwa wanaulizana ada ile imetoka fundo la nani.

Jumatatu asubuhi akaja mama mwenye mtoto mgongoni. "Mama Jeni, huyu anaumwa, naomba zangu." Akapewa. Akaja mwingine, amepata msiba. Akaja wa tatu, shemeji yake anaoa. Ilipofika saa sita watu walikuwa hawatafuti tena sababu. Walikaa chini kwenye ukuta wa kibaraza wakimsubiri, na mzee Mughwai katikati yao anasimulia habari za mbuzi wake.

Luciana aliwatazama. Watu aliojinyima usingizi kwa ajili yao! Hasira ikampanda, hasira ya mtu asiyezoea kukasirika, isiyojua pa kusimama. Siku zote alikuwa akiwaita watu ndani mmojammoja, kwa faragha. Siku hiyo aliingia, akalifukua debe, akalitoa nje na vumbi lake la mtama, akaliweka juu ya meza ya cherehani.

"Mmefuata vyenu. Haya, nitaita kwa jina, kila mtu afungue fundo lake hapahapa mbele ya wote, ahesabu, aseme kama kumepungua."

Akaanza kuita. Watu waliinuka, wakafungua, wakahesabu, wakainamisha vichwa. Hakuna aliyepungukiwa. Aliendelea kuita, mkono unaingia debeni na kutoka, mpaka alipoinua kitambaa cha maua mekundu na kabla hajainua macho akatamka, "Anastazia."

Ndipo akainua macho. Anastazia alikuwa amekaa pembeni, amejifunika khanga hadi puani. Nyuma yake, akiwa amesimama na jembe begani, mbio za kutoka shambani bado zinamtoa jasho, alikuwa Paskali.

Paskali akateremsha jembe chini.

"Wewe," Paskali akasema. "Wewe una pesa hapa?"

Anastazia aliinuka polepole. "Na wewe umefuata nini hapa?"

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine. Luciana hakuweza kulirudisha jina alilokwisha kulitamka. Alimpa mke fundo lake, akampa na mume lake, na kijiji kizima kikaona kwamba mtoto wao amelipiwa na mjane, wao wakiwa nazo. Wakaondoka wameongozana, mume mbele, mke nyuma, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Paskali hakumpiga mkewe. Luciana alisubiri kusikia kelele, hakusikia. Lakini wazee wa ukoo walikaa, wakasema mke na mume hawana mifuko miwili, na pesa zote zikaingia kwenye mashine ya Paskali na kaka yake. Kiwanja cha Utemini kikaishia hapo. Siku mashine ilipowashwa mara ya kwanza, Anastazia alikuja na kapu lake tupu, akasimama nje ya kibaraza bila kupanda.

"Mwanangu anasoma, nakushukuru," alisema. "Ila mimi umenimaliza. Kama ni kuniita, ungeniita kwa macho tu."

"Sikukuona, Anastazia. Haki ya Mungu sikukuona."

"Hukutazama."

Baada ya hapo akawa anapita bila kusalimu.

Debe likabaki tupu. Luciana aliliosha, akaliweka juani, akaweka ndani yake unga. Halafu akafunga nyumba kwa kitasa cha kawaida tu, akapanda basi mpaka Manyoni, na kutoka pale akapanda treni hadi Itigi kumwona mjukuu ambaye tayari alikuwa anatembea. Alikaa huko wiki baada ya wiki. Alilala mchana mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka. Jenipher alimcheka.

"Mama, unalala kama mgonjwa!"

"Niache, mwanangu. Nina usingizi wa miaka."

Mvua zilipokaribia alirudi kulima. Alikuwa bado hajafagia uwanja alipomwona mzee Mughwai anakuja na fimbo yake.

"Tumejaribu kwa wengine, binti yangu. Mmoja kazila, mwingine panya wamezitafuna. Kwako kila mtu alikuta chake."

"Nimeacha, baba. Sitaki tena."

Mzee alikaa kibarazani mpaka jua likapinda, akaondoka. Wakaja wengine, hata watu wa vijiji vya mbali asiowajua, waliosikia habari za mama aliyemwaga pesa hadharani na isipungue hata moja. Aliwakatalia wote. Alikuwa amejifunza neno lile la "sitaki" huko Itigi, akalitumia vizuri, na kila akilitamka alijisikia mwepesi.

Kisha alizeti ikaanza kuchanua, na siku moja alasiri Anastazia akaingia kwa mlango wa uani. Hakuamkia. Alisimama karibu na mafiga, akafungua ncha ya khanga yake, akatoa noti chache zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama punje.

"Za mayai," alisema. "Nataka nianze upya."

Luciana aliitazama mikono ile. Hapa ndipo neno lake lilipomkwama. Angemkatalia mtu mwingine yeyote kwa urahisi, lakini huyu? Huyu alikuwa karibu kupata kiwanja, na aliyekitoa mdomoni mwake alikuwa ni yeye, Luciana, kwa hasira ya mchana mmoja.

"Lete," alisema.

Anastazia aliomba maji, akanywa, akasema Eliana amekuwa wa nne darasani. Alipotoka, alitoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, labda kwa kusahau, labda kwa kuwa alikuwa na furaha.

Mzee Mughwai alikuwa anapita, akamwona. Kesho yake akaja. "Za Anastazia umepokea, zangu zina nini?" Na Luciana, akitaka kukataa, hakupata sababu ambayo haingemfichua Anastazia kwa mara ya pili. Akampokelea. Wiki haikuisha, unga ukarudi guniani na mafundo yakarudi debeni.

Mwisho wa mwaka, karibu na Krismasi, kondakta wa basi la Manyoni alisimama kibarazani na salamu za Jenipher. Wanamngoja sikukuu, mtoto anamwita bibi kila akiona mwanamke mwenye kilemba.

"Hivi," Luciana alimwuliza, "hakuna gari la kwenda Itigi na kurudi siku hiyohiyo?"

Kondakta alicheka. "Itigi, mama? Kwenda na kurudi siku moja haiwezekani."

"Basi ngoja kidogo."

Akaingia ndani, akatoka na kigauni kipya cha mtoto alichokimaliza asubuhi ile, akakikunja vizuri katika karatasi, akampa apeleke. Alilisindikiza basi kwa macho mpaka lilipopinda. Kisha akavuta kiti chake, akaupa mlango mgongo, akaendelea kushona.