Kufuli la Ofisi ya Soko

Baba mdogo wangu alikuwa fundi kufuli, na aliamini kwa dhati kwamba dunia nzima inafunga milango vibaya. Akija kwako, kabla hajauliza hali ya watoto, atautikisa mlango wako kwanza na kuguna. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na bawaba. "Mtu ananunua kufuli zito kama jiwe la kusagia," alikuwa akisema, "halafu bawaba kaziacha nje, pini zinachungulia. Mwizi ahangaike na kufuli la nini?"

Na mlango wa kibanda chake mwenyewe pale sokoni ulikuwa na bawaba nje! Vibanda vyote vya mstari wetu vilitengenezwa na seremala mmoja, na vilikuwa vidogo mno milango kuweza kufungukia ndani, kwa hiyo bawaba zote zilikaa nje zikipigwa na mvua. Nikimtania juu ya hilo, alijibu kwamba fundi hana muda wa kujitengenezea. Mimi ni mshonaji, kibanda changu kilikuwa ubavuni mwa chake, na siku aliponijibu hivyo sketi yangu ilikuwa imefumuka pindo. Nikanyamaza.

Kitu kimoja hakuwa na mzaha nacho. Kabla ya kufungua kufuli lolote au kuchonga ufunguo wa mlango wowote, aliuliza maswali matatu, na aliyaulizia mlangoni penyewe. Uko hapa? Mlango ni wako? Unataka ufunguliwe? Majibu yote matatu yasipotoka kinywani mwa mwenye mlango, hagusi. Aliwauliza matajiri, aliwauliza askari, na siku Mama Mdogo alipojifungia nje ya nyumba yao, alimuuliza na yeye pia. Swali la pili alijibiwa kwa kandambili. Lakini alijibiwa, ndipo akafungua.

Basi akaja yule mwanamke tuliyemwita Mama Misumari, akapanga kibanda kinachotazamana na cha Baba Mdogo. Aliuza misumari, rangi, bisibisi, nyundo, na makufuli. Makufuli yenyewe yalikuwa mepesi, yanang'aa, na bei yake ilikuwa chini kiasi kwamba wateja waliokuwa wakija kwa Baba Mdogo walianza kuishia njiani. Mzee wa watu akawa anakaa na tupa yake ya kusugulia chuma mkononi, hana cha kupiga tupa, anawatazama wanavyonunua.

"Kufuli lako hilo," alimpigia kelele siku moja, mbele ya wateja, "linafunguka mtu akikohoa!"

"Asikohoe, basi," akajibu Mama Misumari bila kugeuka. "Mzee wangu, mtu huyu anafunga choo chake. Anataka mbuzi wa jirani asiingie. Unataka auze mbuzi anunue kufuli lako?"

Wateja walicheka, na Baba Mdogo alinuna mpaka jioni. Nami nilinuna kwa niaba yake, kwa sababu niliona hesabu inakoelekea. Ila kuna jambo lilinichekesha. Mama Misumari alipotaka kufuli la kibanda chake mwenyewe, hakuchukua kwenye rafu zake. Alivuka njia, akanunua la Baba Mdogo, tena lile gumu kuliko yote. Walipatana bei kwa ukali utadhani wanagombana, na walipomaliza wakarudi kila mtu kwake kama hawajuani.

Wenye maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi hawakucheka. Walikuwa na umoja wao, na mwenyekiti wa umoja huo alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, anayemwita kila mtu "ndugu yangu". Wakaenda ofisi ya soko, wakakaa humo sana na mlango umefungwa, na walipotoka kulikuwa na kanuni mpya. Vifaa vya ujenzi visiuzwe sokoni ila na wanachama wa umoja. Na nani anakuwa mwanachama? Yule ambaye wanachama waliopo wamemkubali. Yaani uombe ruhusa ya kufanya biashara kwa wale wale ambao biashara yako inawaumiza. Kanuni ikabandikwa ukutani, watu wakaisoma, wakaondoka wakitikisa vichwa.

Mama Misumari aliomba, wakamkatalia. Akaendelea kuuza.

Asubuhi moja alikuwa amekwenda kuchukua mzigo kwa wauzaji wa jumla. Mkaguzi wa soko akatokea na askari wa soko wenye virungu, na Mwenyekiti nyuma yao akijifuta jasho. Walisimama mbele ya kibanda cha Mama Misumari, wakalipima lile kufuli kwa macho. Kisha Mkaguzi akavuka njia kuja kwa Baba Mdogo. Mguu wangu uliganda juu ya pedali ya cherehani.

"Fundi," alisema Mkaguzi, "tufungulie pale. Tutoe mali, tuipeleke ofisini, halafu utubadilishie kufuli."

"Mwenyewe hayupo," akasema Baba Mdogo.

"Ndiyo maana tumekuja kwako. Tukivunja sisi, ni uvunjaji, kutakuwa na maneno. Ukifungua wewe, ni utaratibu."

Baba Mdogo aliweka tupa chini. Nilimwona anakitazama kile kibanda, na nilijua anaona nini. Anaona wateja wake wote wakirudi. Mwenyekiti naye aliona hivyo hivyo, maana alisogea akamshika bega.

"Ndugu yangu, hili ni kwa faida yako kuliko ya mtu yeyote. Wewe ni fundi wa kweli. Yule anauzia watu takataka. Sisi tunamlinda mnunuzi."

"Ni takataka kweli," akasema Baba Mdogo. "Nawaambia wateja kila siku, na koo linaniuma. Anayenisikia ananunua kwangu. Asiyenisikia ananunua kwake, na shauri lake. Wewe unataka asiwe na pengine pa kununua, halafu unasema unamlinda!"

"Kwa hiyo unamtetea?"

"Simpendi hata kidogo. Mwenyewe hayupo, mlango sifungui."

Mkaguzi alipandwa na hasira taratibu, kuanzia shingoni. Alimkumbusha kwamba kibali cha kufanya kazi pale sokoni hutolewa na ofisi yake, na kinachotolewa kinaweza kurudishwa. Baba Mdogo akasema anajua. Akapewa mpaka adhuhuri afikirie. Akasema ameshafikiria.

Basi hawakungoja hiyo adhuhuri. Mkaguzi alituma askari akaleta makufuli ya ofisi. Wakapachika kufuli lao kwenye mlango wa Mama Misumari, juu ya lile lake, wakageuka, wakamwamuru Baba Mdogo atoke kibandani. Alitoka na kofia yake tu. Wakaubamiza mlango, wakapitisha kufuli la ofisi kwenye komeo, likalia *tak*. Tupa zake zote, jiliwa la kubania chuma, mashine ya kuchongea funguo aliyoilipia kwa miaka, vyote vikabaki ndani.

"Ukiligusa kufuli hili," alisema Mkaguzi, "umeharibu mali ya ofisi. Utalala ndani." Akamweka askari mmoja pale pale, kisha wakaondoka.

Mama Mdogo alikuja na chakula akamkuta mumewe ameketi juu ya ndoo yangu, anatazama kufuli. Alipoelezwa, alilitazama na yeye, na mara akaanza kucheka kicheko kibaya. Lilikuwa moja ya yale ya Mama Misumari. Ofisi nayo ilinunua palipo na bei nafuu, kama watu wote!

Akachomoa pini ya nywele, akamnyooshea. "Chukua. Askari yule anasinzia. Wewe ndiye unayesema linafunguka mtu akikohoa."

"Kufuli si langu."

"Mlango ni wako!"

"Mlango ni wangu. Kufuli ni lao. Mwenyewe hayupo."

"Mume wangu," akasema Mama Mdogo, na sauti ikaanza kumtoka vipande vipande, "tutakula nini? Hao walikuuliza maswali matatu walipokutoa? Unashika adabu na watu wasio na adabu. Vifaa vikiondoka vile, kwa umri wako, utaanza na nini?"

Mimi pia nilikuwa upande wa Mama Mdogo, na nilimwambia hivyo, tena kwa ukali. Nilisema lile sharti lake la maswali matatu litatuua kwa njaa. Aliinamisha kichwa, akapokea yote. Niliogopa sana nilipomwona hivyo, kwa sababu sikuwahi kumwona anashindwa kujibu.

Mkokoteni wa Mama Misumari ukaingia mstarini, mwenyewe anatembea mbele, jasho linamtoka. Aliona kufuli geni mlangoni kwake. Kisha akaona la pili, mlangoni kwa Baba Mdogo, akakunja uso.

"Mimi najua kosa langu. Wewe wamekufungia nini?"

Baba Mdogo alikuwa mgumu kusema, kwa hiyo nikasema mimi. Mama Misumari alisikiliza mpaka mwisho. Hakushukuru. Alisimama tu akimtazama yule mzee aliyemtukana mbele ya wateja kila siku ya Mungu.

"Kwenye mzigo huo," akauliza Baba Mdogo, "kuna nyundo?"

"Ipo. Chukua."

"Sichukui. Nauziwa."

"Mzee, leo hii…"

"Bei gani?"

Akataja. Baba Mdogo akasema ni wizi. Mama Misumari akashusha kidogo. Baba Mdogo akasema bado, tena aongezewe msumari mnene. Wakakubaliana, wakalipana, Mama Mdogo akiwatazama kama wagonjwa. Kisha Baba Mdogo akauendea mlango wake. Kufuli hakulitazama kabisa. Alikwenda upande wa pili, upande wa bawaba, akaweka ncha ya msumari chini ya pini na kugonga.

Kelele ilimwamsha askari. "We mzee! Unafanya nini?"

"Natoa pini zangu. Nilizinunua mwenyewe."

"Ukiligusa kufuli…"

"Liko kule. Mimi niko huku."

Askari alilikodolea macho kufuli, akazikodolea bawaba, akakimbia kumwita Mkaguzi. Pini ya chini ilikuwa imeshika kutu ikagoma. Baba Mdogo aligonga, akatema mate, akagonga tena. Watu walikuwa wametoka vibandani mwao, kila mmoja amesimama mlangoni kwake. Pini ikatoka. Akauvuta mlango, nao ukafunguka kwa upande usio wake, umeshikiliwa na kufuli la ofisi, ambalo halikuwa na hata mkwaruzo.

Hakuingia ndani. Alivuka njia na nyundo yake, akasimama mbele ya kibanda cha Mama Misumari, akavua kofia. Wakati huo Mkaguzi alikuwa anakuja mbio na virungu vyote, na Baba Mdogo alimwona. Sauti yake haikubadilika.

"Uko hapa?"

"Niko hapa," akasema Mama Misumari.

"Mlango ni wako?"

"Ni wangu."

"Unataka ufunguliwe?"

"Nataka."

Akagonga. Mkaguzi alifika pini ya kwanza ikiwa imeshaanguka chini. "Kamata huyu!" akapaza sauti. "Amevunja kufuli la ofisi!"

"Lipi?" akauliza Baba Mdogo. "Lile, au hili? Kalikague. Ndiyo kazi yako."

Mkaguzi alikwenda mwenyewe. Alilivuta kufuli la mlango wa kwanza, likagoma. Alilivuta la pili, likagoma. Alitazama askari wake, akatazama mstari mzima wa watu waliosimama milangoni mwao, na kila mlango una bawaba nje. Alikuwa amesema mwenyewe, asubuhi, mbele yetu sote, kwamba kuvunja ni uvunjaji, na hapa hakuna kilichovunjwa. Kwa muda mrefu sikujua ataamua nini, na virungu vilikuwa vimeshainuliwa. Mama Mdogo akatembea, akasimama ubavuni mwa mumewe, pini ya nywele bado iko mkononi. Muuza ndoo akaja. Kinyozi akaja na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa. Nami nikajikuta nimefika.

"Milango hii imefungwa rasmi," akasema Mkaguzi hatimaye.

"Kabisa," akasema Baba Mdogo, akagonga pini ya mwisho ya Mama Misumari, kisha akavuka njia kuingia kibandani kwake kuchukua tupa.

Kanuni haikufutwa. Ilibaki ukutani mpaka karatasi ikageuka njano, na Mwenyekiti alituma watu mara kadhaa kumtisha Mama Misumari, ila fundi wa kuwafungulia mlango wake hakupatikana. Ofisi ilimwita Baba Mdogo, ikamwambia italiondoa kufuli lake iwapo ataandika barua ya kuomba radhi na kuomba kibali cha kuutumia mlango. Alirudi amenuna. "Niombe kibali cha mlango wangu!" alisema. "Kufuli ni lao, waje walichukue." Hawakuja, na yeye hakuligusa.

Kwa hiyo tangu siku ile mlango wake ulifungukia upande usio wake. Kufuli la ofisi ndilo lililokuwa bawaba, na upande wa pili alipiga komeo jipya na kutia kufuli alilolitengeneza kwa mikono yake. Alifanya kazi hivyo miaka yote iliyobaki. Wateja hawakurudi wote. Baadhi ya miezi ilikuwa migumu, na mimi na Mama Mdogo tulijua migumu kiasi gani. Bado alipiga kelele kutoka ng'ambo ya njia kwamba yale makufuli ni takataka, na Mama Misumari alimjibu bila kugeuka.

Siku tuliyomzika Baba Mdogo, Mama Misumari hakufungua kibanda. Kesho yake alikuja kwa Mama Mdogo, akaomba twende naye kwenye mlango wa marehemu. Alilishika lile kufuli la ofisi, limeliwa na kutu, akalitikisa taratibu, na mlango mzima ukatikisika nalo.

"Nilitaka aone," akasema, "aone kufuli langu limeshika." Kisha akaketi juu ya ndoo yangu, akalia.