Nyota za Ukweni

Nilitoka Kariakoo kumfuata mke wangu. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, maana nikianza kwa kusema nilikwenda shamba kutazama nyota, watu hucheka. Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Kanji, Baniani mmoja mpole aliyeuza vitambaa vya kaniki na marekani. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa nyuma ya soko. Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, alikuwa amefariki, na mama yake, Zena, akaenda kwao Uzaramo, mbele ya Kisarawe, akapumzike. Alisema akipata nguvu atarudi. Vuli ikanyesha, ikakatika, jua la kiangazi likaingia, Zena haonekani.

Siku moja asubuhi shemeji yangu Mrisho akaja sokoni na mkaa wake. Alipomaliza kuuza akaja kukaa kwenye baraza, akapangusa masizi usoni kwa kipande cha kitambaa changu kipya, nami sikusema neno maana ni mtani: wao Wazaramo, mimi Mnyamwezi, na kwa watani hakuna chako wala changu.

"Dada hajambo," akasema. "Ila nyumbani haingii. Jua likizama tu, yuko uani, macho juu. Anatazama nyota mpaka usingizi umwangushe. Tukimwambia rudi kwa mumeo, anasema Kariakoo hakuna mbingu."

"Mbingu ipo," nikamjibu. "Sisi tuna kazi, hatuna nafasi ya kuitazama."

"Basi njoo umwambie mwenyewe, Mnyamwezi. Mjomba ameanza kuulizia talaka. Anasema mke gani huyu, hana mume wala hakuachwa. Mpunga ukishapandwa, wazee watakuja hapa kwako na kofia zao."

Sindano ikanichoma kidole. Sikutaka kumwacha Zena. Hilo mliweke akilini, kwani safari yote ilikuwa hiyo.

Ijumaa, baada ya swala, nilifunga safari. Kanji alinipa ruhusa, kisha akaingia ndani ya duka akatoka na karabai yake, ile taa ya kupampu. "Chukua," akasema. "Kule giza sana. Mtu mwenye huzuni, giza si zuri kwake." Na mimi nilikuwa na mawazo hayo hayo. Tulipozika, nyumba yetu niliijaza watu na taa. Hitima, kahawa, mazungumzo, nikimwona Zena kainama, naongeza mgeni mwingine. Nilidhani huko kwao anakaa nje kwa sababu ndani kuna koroboi tu, moshi mtupu. Nikajisemea, nikimpelekea mwanga, atainuka.

Buguruni tulipita kwa lori jua likiwa kali, siku hizo ilikuwa minazi na mikorosho, nyumba moja hapa, nyingine kule. Nilipanda lori la mtu mmoja aliyekuwa na tabia ya kuimba kila anapobadilisha gia, na gia zenyewe zilikuwa ngumu, kwa hiyo aliimba sana. Nisije nikapotea nikaanza kusimulia habari za madereva, maana ninazo nyingi. Kilima cha Pugu lori lilikataa. Wanaume tukashuka, tukasukuma, mimi kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeikumbatia karabai kama mtoto mchanga. Mama mmoja mwenye kuku akaniambia, "Kijana, hiyo taa, kioo chake kikivunjika utalia." Nikamwambia nitalia kweli.

Kisarawe niliachana na lori. Kuanzia hapo ni miguu. Njia nyembamba ilipita katikati ya mihogo na vichaka, nami tangu nizaliwe sikuwahi kutembea mahali ambapo sisikii mtu. Kariakoo hata usingizini unasikia mtu: anakohoa, anagombana, anapita na kengele ya kahawa. Kule nilisikia viatu vyangu. Nikaanza kuzungumza peke yangu, nikipanga maneno ya kumwambia Zena. Kila nilipoyapanga vizuri, yalikuwa yale yale niliyomwambia siku zote: kazi ya Mungu, tutapata mwingine, rudi.

Jua likielekea kuchwa nikafika ukweni. Wa kwanza kuniona alikuwa bibi yake Zena, kizee mfupi, anatwanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mnyamwezi huyu! Wenzako walikuja pwani wamebeba pembe za ndovu, wewe umebeba chupa?"

"Si chupa, bibi, ni karabai. Nimemletea mwenzio jua."

"Kwani hapa linachomoza la nani?"

Mama mkwe alinisalimu akiwa nyuma ya ukuta wa udongo, kwa heshima, hatukuonana uso, ndiyo desturi. Mrisho akanipa kigoda na maji. Zena alitoka jikoni, akapiga goti, akauliza hali ya Kariakoo. Amekonda. Nikamjibu wote hawajambo, wanakusalimu. Akanyanyuka akarudi jikoni, na yale maneno niliyoyapanga njia nzima hata moja sikuliona lilipo.

Baada ya magharibi niliwasha. Nilipampu kwa nguvu, karabai ikavuma, ikatoa ule mwanga mweupe, na kijiji kizima kikaja. Watu walikaa chini wakaangaliana nyuso kama vile hawajaonana siku nyingi. Mrisho akasema sasa na wao wako mjini, Msimbazi. Wadudu walikuja wengi kuliko watu. Nilifurahi, nakwambia kweli, nikageuka nimwone Zena anavyofurahi, naye hayupo. Uani hayupo, jikoni hayupo. Nilijaribu kutazama nje ya mwanga, lakini pale mwanga ulipoishia palikuwa ukuta mweusi. Nikasimama katikati ya watu kama bwana harusi asiye na bibi harusi.

Bibi akaja akanishika mkono. "Zima jua lako, mume wangu."

"Mbona watu wanafurahi, bibi?"

"Hao watakwenda kulala. Mkeo yuko nyuma ya banda la kuku, umemnyang'anya kitu chake. Zima umfuate."

Nikazima. Watu wakaguna, wakaondoka wakigonganagongana. Sikuona hata mikono yangu. Nilikwenda kwa kupapasa, nikakanyaga kuku mmoja akapiga kelele, ndipo nikasikia sauti ya Zena, chini karibu na miguu yangu: "Kaa hapo. Kuna kinu, nimekilaza."

Nikakaa.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Nyota."

"Ngapi?"

"Nyingi."

"Mwongo. Macho yako bado yamejaa taa. Huoni kitu."

Kweli sikuwa naona kitu. Tukanyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa kazi ngumu kuliko kushona koti la Mzungu. Nilitaka kusema neno, nikalimeza. Likaja jingine, nikalimeza. Kisha, polepole, ile mbingu ikaanza kujitokeza. Kwanza zile kubwa, ninazozijua. Halafu katikati yake zikaja ndogo, na katikati ya hizo ndogo nyingine kama unga uliomwagika, mpaka nikaona mbingu haina mahali patupu. Ukungu mweupe ulikatiza kutoka upande mmoja wa miti hadi upande wa pili. Niliona Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho wakulima hukitazama kujua majira, zimebanana kama watoto waliosikia baridi. Nikaingiwa na upweke ambao sijapata kuuona tena. Nyota zote zile, na hakuna hata moja iliyonijua.

"Zena," nikasema, "unatafuta nini huko?"

"Mwanao alikufa kabla ya arobaini," akasema.

"Najua."

"Hujui. Mtoto hatolewi nje mpaka arobaini itimie. Mama zako wa Kariakoo walinifungia, nami nilikubali, ndiyo mila, hata kwetu. Dirisha lilizibwa kwa kanga. Alitoka chumbani akiwa amefunikwa, mkampeleka makaburini amefunikwa. Hii mbingu hakuiona hata siku moja." Akavuta pumzi. "Basi mimi namtazamia, kwa macho yangu. Ukiniingiza ndani, nani atamtazamia?"

Ndugu msomaji, mimi nilimbeba mtoto yule mwenyewe mpaka makaburini, na wazo hilo halikunijia. Nilikuwa nawaza sanda, nawaza wageni watakula nini. Nilitazama juu pamoja naye mpaka shingo ikauma, na alipopitiwa na usingizi nilimfunika kwa koti langu, nikabaki peke yangu na zile nyota.

Asubuhi yake, Mjomba aliita kikao. Mzee mrefu, mwenye kanzu safi, mtu apendaye mambo yaishe. Tulikaa kwenye mkeka, Zena na bibi pembeni.

"Mkwe," akasema, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Lakini mwanamke hawekwi katikati. Leo umchukue, au umwandikie. Sema."

Mjini nilikuwa na jibu: nimekuja kumchukua. Sasa nilimtazama Zena, nikaona kama nikilisema atanifuata, kwa adabu tu, atapanda lori, ataingia chumbani mwangu, na hatakuwamo.

"Mjomba," nikasema, "mke wangu ana shughuli hapa haijaisha. Simchukui. Na talaka sitoi."

"Shughuli gani?"

"Yake na mwanangu."

Mjomba akageuka. "Zena, unasikia maneno haya?"

"Nasikia. Asinipe talaka, na asinichukue. Aende zake kazini."

"Haya ni maneno gani?" Mjomba akafoka.

"Ya Kiswahili," bibi akasema. "Hukuyasikia? Au nikutafsirie?"

Watu wakacheka, Mjomba naye akajizuia akashindwa. Akasema atangoja mpunga uvunwe, si zaidi.

Siku niliyoondoka Zena alinisindikiza hadi njia inapogawanyika. Nikamuuliza, "Utarudi?" Akasema, "Sijui. Tembea, jua litakuchoma." Sikugeuka nyuma, maana niliogopa nikigeuka nisimkute.

Kariakoo nilifika usiku umeanza kuingia, taa za barabarani zinawaka, wauza kahawa wanagonga vikombe. Nilimrudishia Kanji kitu chake. Akauliza kama kilisaidia, nikamwambia kilisaidia kwa namna yake. Chumbani sikuweza kukaa. Nilichukua mkeka nikautandika uani, katikati ya kamba za nguo, nikalala chali. Juu niliona nyota chache tu, zimefifia. Nikatazama hizo hizo.

Mama mwenye nyumba akatoka kumwaga maji. "Baba, umepatwa na nini? Joto?"

"Hapana, mama. Namtazamia mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, mwanangu, mbele ya mtu wa mjini tangu tuzike. Mama yule alisimama na ndoo yake. Hakunipa pole wala hakusema kazi ya Mungu. Alienda kumwaga maji yake mbali, yasinirukie.

Nililala pale kila usiku mvua isiponyesha. Wapangaji walinicheka, kisha wakazoea wakawa wananiruka. Kama mtaniuliza nilijifunza nini safari ile, mimi mtu wa elimu ndogo, nitasema hili tu: kumbe huzuni ya mwenzio haiondolewi, inakaliwa. Nayo yangu nilikuwa sijaikalia.

Mpunga ulipovunwa, wazee wenye kofia hawakuja. Alikuja Zena, asubuhi moja, na lori la mkaa, na kikapu cha mchele mpya. Nilikuwa barazani kwa Kanji, nikaitwa mbio. Nilipofika uani nilimkuta amesimama mbele ya mkeka wangu, nilikuwa sijaukunja. Aliutazama, akatazama juu ya mapaa, akautazama tena. Alivua viatu, akakaa juu yake, pale pale juani.